Simu ijue nilipo, lakini imwambie nani?

Dereva wa basi la shule niliyokuwa nikifundisha alinijia siku moja wakati wa chai, kofia mkononi, akanieleza kwa adabu kwamba simu yake ilikuwa imeingiwa na kupe.

"Mwalimu," akasema, "naitia bando la wiki nzima Jumatatu, Jumatano limekwisha. Betri nayo haifiki machweo. Na mimi si mtu wa kutazama video."

Alikuwa na sababu ya kunijia mimi, wala si mtu mwingine. Miezi miwili kabla ya hapo, wanafunzi wangu wa Chama cha Sayansi walikuwa wamemwomba simu hiyo kwa dakika kumi, wakatia ndani yake programu waliyoitunga wao wenyewe, wakamrudishia na kumshukuru. Mzee alikubali jinsi wazee wanavyokubali mambo ya watoto, bila kuuliza mengi.

Programu yenyewe ilikuwa na nia njema. Shule ile iko viungani mwa Nairobi, na watoto wa kutwa hushushwa na basi jioni katika vituo kadhaa. Msongamano wa magari unapozidi, wazazi husimama kando ya barabara gizani, hawajui basi limefika wapi. Wanafunzi wakasema: tutamwambia mzazi basi lilipo. Simu ya dereva itatambua mahali ilipo, itapeleka taarifa kwenye seva, yaani tarakilishi iliyo mbali inayopokea na kuhifadhi taarifa za wengi, na mzazi atafungua ramani kwenye simu yake aone alama ya basi ikisogea. Wazo hilo nililipenda, na hata leo nalipenda. Niliusimamia mradi huo mimi mwenyewe, kwa hivyo lawama zitakazotajwa humu zinanihusu mimi kabla ya kumhusu mtu mwingine.

Tulifungua jedwali la seva siku hiyo hiyo, mimi na wanafunzi watano, tukitafuta tundu ambalo bando lilikuwa likivujia. Kila mstari wa jedwali ulikuwa na alama ya kuitambulisha simu, latitudo, longitudo, saa, na kadirio la usahihi kwa mita. Mstari mmoja uliingia kila baada ya sekunde 10. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hivyo mistari ilikuwa 8,640 kwa siku. Kila mstari ulikuwa mfupi, lakini ulisafirishwa peke yake, na katika mtandao kila safari hubeba bahasha iliyo nzito kuliko barua iliyomo. Hapo ndipo bando lilipokuwa likiishia. Tungeridhika na jibu hilo na kwenda zetu, lau mmoja wa wasichana asingeuliza swali ambalo sote tulipaswa kuliuliza mapema.

"Mwalimu, basi huenda wapi Jumapili?"

Basi haliendi popote Jumapili. Dereva ndiye huenda. Programu yetu ilikuwa na kitufe cha kuanza, haikuwa na kitufe cha kukoma. Ilianza kazi asubuhi ile wanafunzi walipoitia simuni, na tangu hapo haikulala. Tuliona nukta zilizorundikana mahali pamoja kuanzia saa tatu za usiku hadi saa kumi na moja za alfajiri, tukajua nyumbani kwake. Tuliona kanisa lake. Tuliona nyumba aliyokwenda Jumamosi moja na nyingine. Na tuliona kwamba kila Jumanne jioni, baada ya kuliegesha basi, alikwenda mahali fulani akakaa muda wa saa moja na nusu. Mvulana mmoja, kabla sijamzuia, alizinakili namba mbili za mahali hapo akazitia kwenye ramani, akasoma jina kwa sauti.

Sitalitaja hapa. Yatosha kusema kwamba ni mahali ambapo mtu huenda kwa sababu zake, na ambapo mzee huyo hakuwa amemwambia yeyote pale shuleni kwamba huenda. Chumba kilinyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku hiyo kata tulikuwa sita.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu utungaji wa programu si jambo la vyama vya sayansi peke yake tena. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha mtaala wa somo hilo kwa shule za msingi na za upili, na katika maonyesho ya sayansi ya wanafunzi ninayobahatika kuhudhuria, haipiti meza tatu kabla sijakutana na programu inayotumia mahali simu ilipo: ya kumtafuta mbuzi aliyepotea, ya kuita gari la wagonjwa, ya kuhakikisha mwalimu yumo darasani. Vijana hueleza kwa ufasaha jinsi taarifa inavyotoka simuni na kufika kwenye seva. Ukiwauliza kwa nini lazima ifike huko, hukutazama kana kwamba umeuliza kwa nini maji hutiririka kuelekea bondeni.

Nadhani chanzo ni kosa moja la fahamu, ambalo nimelikuta hata kwa walimu wenzangu. Watu wengi wanaamini kwamba setilaiti zinatuona. Kwamba mahali tulipo tayari panajulikana huko juu, na kupeleka taarifa kwenye seva ni kuongeza tone baharini. Sivyo hata kidogo. Setilaiti za mfumo wa GPS, ambao ni mali ya serikali ya Marekani na uliotangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995 ukiwa na setilaiti 24, huizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kwa mtumiaji wa simu kazi yake ni moja: kutangaza saa, na kutangaza mahali zenyewe zilipo. Mfano wake ni mwadhini aliye juu ya mnara. Hutoa sauti yake. Hajui ni nani anayemsikia wala yumo nyumba ipi.

Simu husikiliza. Hupima tangazo la kila setilaiti limechelewa kiasi gani njiani, na kwa kuwa mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, kuchelewa huko huwa ndicho kipimo cha umbali. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya simu ingekuwa sahihi kama ile ya setilaiti. Kwa kuwa si sahihi hivyo, inahitajika ya nne ili kuirekebisha. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyapotosha kwa makusudi matangazo yanayotumiwa na raia, hata kosa likafikia mita mia moja hivi. Rais Bill Clinton alipoamuru upotoshaji huo ukome, chombo cha mtu wa kawaida kikaanza kupambanua nyumba na nyumba ya jirani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hesabu yote hiyo hufanyika ndani ya simu. Nenda nayo Turkana bila laini yoyote, itajua ilipo, na hakuna mwingine atakayejua. Ni kweli kwamba ndani ya majengo simu hujisaidia kwa minara ya mawasiliano na vifaa vya Wi-Fi vilivyo karibu, na aghalabu huiuliza seva ya kampuni fulani iisaidie kukisia. Ni kweli pia kwamba kampuni ya simu hujua uko karibu na mnara upi. Isipojua, simu yako haitalia. Lakini hayo ni mambo mengine. Programu kuchukua namba mbili zilizo simuni na kuzipeleka kwenye seva ya mtu ni tendo la pili, lililo mbali na lile la kwanza, na lipo kwa sababu binadamu fulani aliandika mistari ya kulifanya. Angeweza kutoiandika.

Tendo hilo la pili lina vituko vyake, na msomaji ataniwia radhi nikivitaja viwili vitatu, maana ndivyo vilivyowafunza wanafunzi wangu zaidi ya kitabu chochote. Siku ya kwanza ya majaribio, ramani ilionyesha basi letu likiwa porini Samburu, si mbali na mji wa Maralal, ilhali lilikuwa uani na watoto walikuwa wakilipiga picha. Kenya imekatwa na ikweta; latitudo za kusini huandikwa kwa alama ya kutoa mbele yake, na mwanafunzi mmoja alikuwa amelitayarisha jedwali lisilopokea alama hiyo. Nairobi, iliyo kiasi cha digrii 1.29 kusini, ikarushwa digrii 1.29 kaskazini.

Siku ya pili basi lilionekana kuondoka shuleni saa kumi za alfajiri. Seva hutunza saa za dunia, zilizo nyuma ya saa zetu kwa tatu, kwa hivyo lililotendeka saa moja asubuhi liliandikwa 04:00. Kijana mmoja akasoma 04:00, mwingine akasema saa ya ukutani inaonyesha 7:00, na mpishi aliyekuwa akipita akasema ni saa moja. Wote watatu walikuwa wakisema kweli. Kipindi kizima kilikwisha hapo, na sikujutia.

Tatizo la tatu lilikuwa gumu kuliko hayo. Kuna bonde katika njia ya basi ambako mtandao hupotea. Programu ya kwanza ilitupa nukta zote zilizoshindwa kwenda, na alama ya basi ikawa inaruka kutoka kilima hadi kilima. Wanafunzi wakarekebisha: nukta ihifadhiwe simuni kwanza, ipelekwe mtandao ukirudi. Sasa zikafika kwa fungu, na seva, iliyokuwa ikiandika saa ya kupokea badala ya saa ya kutokea, ikaonyesha basi limepita mahali ishirini kwa sekunde moja. Wakarekebisha hilo pia. Kisha tukaona nukta pacha: simu ilikuwa imepeleka, seva ikapokea, lakini jibu la "nimepokea" likapotea bondeni, kwa hivyo simu ikapeleka tena. Ilibidi kila nukta ipewe namba yake ya pekee, ili seva ikiiona mara ya pili iitambue na kuiacha. Nilijivunia sana vijana wale. Waliyatatua matatizo yote ya kupeleka, mmoja baada ya mwingine, na katika shughuli hiyo yote hapana aliyesimama kuuliza kuhusu kukoma.

Baada ya ule ukimya wa chumbani, pendekezo la kwanza lilikuwa kuliondoa jina. Alama ya kuitambulisha simu ifutwe, zibaki nukta tupu. Ni pendekezo ambalo kila mtu mwema hulitoa kwanza, na ndilo kampuni nyingi hulitaja katika maelezo yao marefu yasiyosomwa: taarifa zako hazina jina lako. Nikawauliza wanafunzi: tukimwondolea mzee jina, nukta zinazolala kila usiku katika nyumba moja na kuamkia katika basi la shule ni za nani? Jina halikuwa limeandikwa katika jedwali hata hapo awali. Tulimjua kwa nyendo zake.

Haya yalikwisha kupimwa kwa hesabu. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyendo za watu milioni moja na nusu katika nchi moja ya Ulaya, zilizokusanywa kwa miezi 15 na kampuni ya simu, bila majina. Waligundua kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kumpambanua mtu mmoja kati ya wote hao katika visa 95 kwa kila 100. Na hizo hazikuwa nukta za GPS. Zilikuwa za minara, zenye usahihi wa mtaa mzima, kwa saa nzima nzima. Nyumbani, kazini, kanisani na pale pa Jumanne: hizo ni nne tayari.

Hata nukta zikichanganywa pamoja zikawa lundo moja, bado zinaweza kusema. Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake hutumiwa na wakimbiaji na waendesha baiskeli kujipima, ilichapisha ramani ya dunia iliyochorwa kwa nukta trilioni tatu za watumiaji wake. Haikuwa na jina hata moja, ila mistari ya mwanga palipokimbiwa sana. Katika miji mikubwa mwanga ulikuwa tele na haukuonyesha la ajabu. Lakini katika jangwa la Syria na nyika za Afghanistan, ambako wenyeji hawakuwa na programu hiyo, palionekana vijiduara vya mwanga katikati ya giza. Januari 2018 Nathan Ruser, mwanafunzi wa Australia aliyekuwa na umri wa miaka 20, alitambua kwamba hao walikuwa wanajeshi wa kigeni wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao. Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku vifaa vya namna hiyo katika maeneo ya operesheni. Jeshi lenye uwezo wa kuangusha bomu dirishani lilifichuliwa na saa za mkononi za askari wake wenyewe.

Lakini sitaki niandikwe katika orodha ya wale wanaoilaani simu kila wanapoiona. Taarifa za mahali zikikusanywa kwa busara hufaa, na mfano mzuri umo humu humu nchini. Mwaka 2012 Amy Wesolowski na Caroline Buckee pamoja na watafiti wengine, wa Kenya wakiwemo, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa nyendo za wateja karibu milioni 15 wa simu nchini Kenya, kati ya Juni 2008 na Juni 2009. Walitaka kujua jinsi malaria inavyosafirishwa na wasafiri. Mbu haendi mbali, abiria huenda. Uchunguzi ulionyesha jinsi vimelea vinavyotoka eneo la Ziwa Victoria kuja hadi Nairobi ndani ya damu ya watu waliokwenda kuwatembelea jamaa zao. Mpangaji wa huduma za afya hawezi kuyapata hayo kwa kubahatisha. Tofauti ni kwamba watafiti wale walikuwa na swali kabla ya kuwa na jedwali, na jibu walilolitoa ni la mikoa na njia kuu. Hakuna mlango wa mtu uliobishwa.

Kinyume chake ni pale mtu anapokusanya kwa sababu tu anaweza. Chukua programu za nyakati za sala, ambazo wengi wa wasomaji wetu wa pwani wanazo. Saa za sala hufuata jua, kwa hivyo programu haina budi kujua latitudo na longitudo yako. Kati ya Lamu na Kisumu kuna digrii sita hivi za longitudo, na kila digrii ni dakika nne. Jua hutua Kisumu kiasi cha dakika 24 baada ya kutua Lamu, na anayefuturu Kisumu kwa saa za Lamu ameiharibu saumu yake. Haja ipo, tena ya haki. Lakini hesabu hiyo, pamoja na ile ya kibla, simu huifanya yenyewe kwa kufumba na kufumbua. Hapahitajiki seva. Hata hivyo, Novemba 2020 wanahabari wa Motherboard walifichua kwamba programu mashuhuri ya Muslim Pro ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, ambayo nayo iliwauzia taarifa za namna hiyo wanakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kwamba wameukata uhusiano huo. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliikataza X-Mode, ambayo ilikuwa imebadili jina, kuuza taarifa za watu wanaozuru mahali nyeti kama vile hospitali na nyumba za ibada. Mtu alifungua simu aulize saa ya magharibi. Akajibiwa, na kiatu chake kikafuatwa hadi msikitini.

Nchini mwetu sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa kwa mambo yake ya binafsi bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayataja waziwazi mahali mtu alipo kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha, sawa na jina na nambari ya kitambulisho. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililoelezwa, na zisizidi kinachohitajika kwa kusudi hilo. Kwa mtoto, inataka idhini ya mzazi au mlezi. Walimu wenzangu wasidhani sheria hii ni ya kampuni kubwa pekee: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha. Sijui shule ngapi sasa zina programu zinazojua kila mtoto hushukia wapi.

Nilikwenda kwa mzee jioni ile, pamoja na yule msichana aliyeuliza swali la Jumapili. Nilimweleza kila kitu, pamoja na Jumanne. Alisikiliza bila kunikatiza, akaipindua kofia yake mara kadhaa. Sijawahi kuona haya mbele ya mtu kama nilivyoona siku ile.

"Kwani mlikuwa mnamfuata nani, Mwalimu?" akauliza hatimaye. "Mimi au gari?"

"Gari, Mzee."

"Basi si mngeiacha simu ndani ya gari?"

Mambo mengine yalirekebishwa katika wiki iliyofuata, lakini lililo kubwa lilikuwa hilo lake. Shule ilinunua simu ya bei nafuu, ikafungwa karibu na usukani, na haitoki humo. Hulala na basi. Inaanza kupeleka saa kumi za jioni na kukoma saa moja za usiku, hata dereva akisahau. Nukta ni moja kila nusu dakika, zinapelekwa kumi kwa pamoja, na seva hufuta za jana kila usiku wa manane. Mvulana aliyesoma jina la mahali kwa sauti ndiye aliyetoa rai ya kupunguza desimali, na kwa mwalimu wa hisabati anayetafuta sababu ya kufundisha kukadiria, sababu ni hii: digrii moja ya latitudo ni kilomita 111, desimali ya tatu ni mita 111, ya tano ni mita moja tu. Mzazi anayesubiri kituoni anahitaji ya tatu. Tulikuwa tukimpelekea ya tano kwa sababu simu iliitoa na hakuna aliyefikiri kuikata.

Mzee aliuliza jambo moja zaidi kabla hatujaagana. Alitaka kujua yale ya zamani, ya miezi miwili ile, yako wapi. Nilimwambia tumeyafuta, na nilikuwa nikiamini ninachosema. Kesho yake ikabainika kwamba mmoja wa vijana alikuwa ameyanakili kwenye flashi ili ajizoeze kuchora grafu nyumbani, na flashi hiyo alikuwa amemwazima binamu yake. Tuliipata baada ya wiki mbili, imejazwa nyimbo. Ilibaki kampuni iliyotukodisha seva, ambayo kwa kawaida ya kazi yake huhifadhi nakala za akiba. Niliiandikia mara mbili kuuliza nakala hizo hukaa muda gani na zinafutwaje. Barua ya kwanza nilijibiwa kwa kushukuriwa kuwa mteja wao. Ya pili bado nasubiri jibu, na mzee, kila tunapokutana, huniuliza kama limefika.